Mkuu, usiagize hizo kokoto kwa tani!

Simama hapo hapo, mkuu, usimpigie dereva kwanza. Umeandika hapa kwamba slabu yako inahitaji kokoto kyubiki 4, yaani mita za ujazo 4, na dalali kakwambia: "Kyubiki moja ni tani moja, chukua tani 4 zinakutosha." Hiyo kauli naijua vizuri, nimeilipia.

Slabu yako ni futi 20 kwa 16, unene inchi 6. Hapo umepiga sawa: 20 × 16 × 0.5 ni futi za ujazo 160, gawa kwa 35.3 (futi za ujazo zilizomo kwenye kyubiki moja), unapata kyubiki 4.5 za zege. Ukakumbuka pia kwamba saruji, mchanga na kokoto vikichanganywa na maji ujazo unapungua, ukazidisha kwa 1.54, ukapata karibu kyubiki 7 za vitu vikavu. Wengi hawafiki hapo. Kwa zege la 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4) kokoto zako ni kyubiki 4 kweli. Halafu ukaja kuharibu kila kitu kwa maneno ya dalali.

Kyubiki moja ya MAJI ndiyo tani moja. Kokoto ni mawe, mkuu! Kyubiki moja ya kokoto inakaribia tani moja na nusu. Hizo tani 4 zikimwagwa hapo kwako ni kyubiki 2.7 tu, unahitaji kama tani 6. Unabisha? Chukua ndoo ya lita 20, jaza kokoto, weka kwenye mzani: utaona kilo 30 hivi, si 20. Na ndoo kama hizo 50 ndiyo kyubiki moja.

Slabu yangu ilikuwa mita 10 kwa 6, unene sentimita 15. Kokoto kyubiki 8. Jamaa mmoja pale kituo cha malori akaniambia lete hela ya tani 8, bosi, hesabu imekaa. Alikuwa na sauti ya mhandisi, viatu vya mhandisi, hata kofia ya mhandisi. Kilichokosekana ni uhandisi. Nami niliyemaliza shule na hesabu zangu nikasema ahsante, nikampa na ya soda.

Siku ya kumwaga mafundi wako juu, mashine inanguruma, vijana wanapandisha ndoo kwa mnyororo, ubwabwa uko jikoni. Alasiri kijana anachota kokoto, koleo linakwaruza udongo. Zimeisha. Juu theluthi nzima ya slabu ni mbao na nondo tupu. Nikapiga simu kila mahali, hakuna lori linalokuja saa hiyo, na zege halikusubiri mtu. Kesho yake tukapaka uji wa saruji kwenye ukingo, tukamalizia. Fundi akasema "itashika tu."

Masika ya kwanza maji yakapita palepale kwenye kiungo, mstari mmoja umenyooka kama umepigwa kwa rula, kuanzia ukutani hadi juu ya kitanda cha wageni. Jipsamu ikavimba, ikageuka rangi ya chai ya maziwa, ikadondoka. Nikalipa kuziba, haikuziba. Nikalipa tena mtu wa lami. Wageni wangu siku hizi wanapata chumba chenye maji ndani, huduma ambayo hotelini unalipia. Na yule jamaa wa kituoni nikikutana naye bado ananiita bosi.

Kwa hiyo acha tani, acha "tripu", acha "lori limejaa". Nunua kwa kyubiki, na kyubiki upime mwenyewe lori likifika, KABLA halijainua bodi. Panda na futi kamba. Urefu wa ndani, upana wa ndani (ukipima kwa nje unanunua bati), halafu kina cha mzigo, si cha bodi. Mzigo ukiwa na kichuguu katikati, mwambie kijana ausawazishe kwa koleo ndipo upime. Mita 3.4 kwa 2 kwa 0.6 ni kyubiki 4.08, hapo umepata mali yako. Kina kikiwa 0.4 una 2.7, yaani umeletewa slabu yangu.

Dereva atanuna, atasema ana wateja wengine wanamsubiri. Mwache anune, hela bado iko mfukoni mwako. Mchanga nao ni hivyo hivyo, kwako kyubiki 2, na saruji mifuko 29, ongeza miwili.

Wewe lori likifika weka vipimo vya bodi hapa tukuhesabie kabla hujamlipa.