Mmea mdogo wenye mistari myeupe: je, ni mshubiri?

SWALI: Mhariri mpendwa, mwezi uliopita nilinunua mmea mdogo kwa muuza miche wa kando ya barabara, naye hakujua jina lake. Kimo chake hakizidi sentimita 10. Majani ni manene, yamechongoka na kujipanga duara, na upande wa nje yana mistari myeupe iliyoinuka. Kingo hazina miiba, na mwanangu alipovunja jani, ulitoka ute usio na rangi. Mama anasema ni mshubiri na anataka kuuweka kwa ajili ya majeraha ya moto. Nimeuweka barazani upande wa magharibi, na sasa majani yanageuka mekundu. Ni mmea gani? – Dada wa Jinja

JIBU: Dada yangu, jambo la ute ulilolitaja ndilo lililonituliza kwanza, kwa sababu mimea ya jamii ya mnyaa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ambao huwasha ngozi na ukiingia machoni huweza kuyadhuru vibaya. Hata hivyo, mtoto asizoee kuvunja majani ya mmea msioujua.

Kwa maelezo yako, huo ni mmea wa jenasi ya Haworthiopsis, wenye asili ya Rasi ya Mashariki huko Afrika Kusini. Mama hakukosea sana, kwani mmea huu na mshubiri ni wa familia moja. Linalobaki ni kujua spishi, nalo utalimaliza kwa kidole: papasa upande wa ndani wa jani, ule unaotazama katikati ya mmea. Ukiwa laini kabisa, unayo Haworthiopsis fasciata; ukikuta vipele vyeupe huko pia, ni Haworthiopsis attenuata, ambayo ndiyo inayopatikana zaidi madukani na mara nyingi huuzwa kwa jina la mwenzake. Ua litathibitisha jenasi: mishubiri mingi huchanua maua marefu kama mirija, mekundu, ya rangi ya chungwa au ya njano, ilhali huu wako utatoa kikonyo chembamba kama waya chenye viua vidogo vyeupe vya midomo miwili.

Wekundu wa majani unatokana na jua kali la alasiri. Kwao mmea huu humea chini ya vichaka, kwa hiyo usogeze ndani, karibu na dirisha lenye mwanga. Udongo uchanganye na mchanga mwingi wa chembe kubwa, na usimwagilie mpaka ukauke. Miezi ya mvua, hewa ikiwa na unyevu, subiri zaidi, maana mizizi yake huoza upesi.

Kuhusu majeraha ya moto, tafadhali mwombe mama asiutumie, kwa kuwa huu siyo mshubiri unaojulikana kwa dawa. Mtu akiungua, mwagieni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpelekeni kituo cha afya ikiwa jeraha ni kubwa au limetoa malengelenge.