Kiwiko Kikianza Kuuma Katikati ya Dozi ya Ukoma

Nilikuwa katika mwezi wa 3 wa dozi, hapa Bagamoyo, pale baka la begani lililokuwa limetulia lilipovimba upya na kuwa la moto, na kiwiko cha kulia kikaninyima usingizi. Majirani walisema dawa zimenizidi nguvu; nami, kwa kuwa nilikuwa na mlango wa nakshi wa kumaliza, nikaziweka kando wiki mbili nzima. Kosa langu nililitambua siku patasi iliponichana kidole cha mwisho, nikaiona damu juu ya ubao kabla sijahisi lolote.

Daktari aliuita uvimbe huo mcharuko. Bakteria wa ukoma, aliyetambuliwa na Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, hujificha ndani ya seli zinazoizunguka mishipa ya fahamu, na huzaliana polepole mno, mara moja katika wiki mbili hivi. Kinga ya mwili inapomgundua humshambulia hukohuko alikojificha, hata akiwa ameshakufa na yamebaki mabaki yake tu. Mshipa huvimba, na ule wa kiwikoni, ambao hupita katika njia nyembamba kando ya mfupa, hubanwa na uvimbe wake wenyewe mpaka vidole vife ganzi na kujikunja. Mkono wangu, basi, haukuharibiwa na vidonge, bali na walinzi wa mwili wangu mwenyewe.

Kwa hiyo usiache dozi. Rifampisini, dapsoni na klofazimini huua bakteria lakini huenda zisitoshe kuzima mcharuko. Kazi hiyo kwa kawaida hupewa prednisoloni, ambayo huanza kwa kiwango kikubwa na kupunguzwa na daktari kwa wiki kadhaa, wala haikatwi ghafla. (Uso wangu ulijaa, wateja wakanipongeza kwa kunenepa.) Nenda kliniki siku ileile unapoona ganzi mpya, maumivu ya mshipa, udhaifu wa vidole au vinundu vyenye homa, kwani mshipa wa fahamu ulioharibika kwa muda usiozidi miezi 6 una nafasi nzuri zaidi ya kupona. Mcharuko waweza kuja hata baada ya kumaliza dozi.

Kila Ijumaa nafumba macho, mke wangu ananigusa vidole kwa ncha ya kalamu. Cha pete kimeanza kujibu. Cha mwisho bado.