Duka la zawadi za Idi skuli: nichukue mali kwa nani?

SWALI: Assalaam alaykum Bibi. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi karibu na Chake Chake. Kamati yetu inataka kufungua kiduka cha zawadi kwa siku 3 kabla ya skuli kufungwa kwa Idi el Fitri, ili watoto wawanunulie wazazi, mabibi na wadogo zao kitu kidogo kwa pesa za kibubu. Nimesoma kwamba skuli nyingi za Marekani hufanya hivyo kabla ya Krismasi. Nimeshapata watu watatu. Tajiri mmoja wa hapa Chake anatoa mali kauli, lakini hataki kuandikiana. Mwengine wa Kariakoo, Dar es Salaam, bei zake nafuu ila anataka pesa zote mbele. Na wapo kina mama wasusi wa ukili wa kijijini kwetu. Nimshike nani?
Mwalimu, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Muuzaji yeyote, kabla hujamuuliza bei, muulize kisichouzika kitakwenda wapi. Kiduka cha siku 3 hakina kesho. Mzigo ukibaki utalala kabatini kwa mwalimu mkuu mpaka Idi nyengine, na huku umefunga pesa za kamati. Huko Marekani, kampuni zinazohudumia maduka hayo aghlabu hupeleka bidhaa kabla ya kulipwa, skuli ikalipia kilichouzwa na kurudisha kilichobaki. Ni mali kauli hii hii yetu, ila wao huwekeana maandishi.

Kwa hiyo tajiri wako wa Chake anafaa, lakini akubali karatasi. Ukurasa mmoja unatosha: aina ya bidhaa, idadi, bei ya kila kimoja, siku ya kurudisha, na nani anabeba hasara ya kikombe kilichomponyoka mtoto. Hilo la mwisho ndilo linalogombanisha watu waliokuwa wakipendana. Mzigo uhesabiwe mbele yenu wote wawili kabla gari haijaondoka. Akiendelea kukataa, mwache. Jaribu Wete, au huku kwetu Unguja, Darajani na Mlandege. Ukija na barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri utasikilizwa.

Wa Kariakoo kwa safari hii mpishe. Bei anayokutajia si bei itakayofika Pemba: ongeza nauli ya meli, makuli na gari ya kutoka bandarini Mkoani. Ukifungua boksi ukakuta nusu si ulichoagiza, utamrudishia vipi na Idi imeshafika?

Sasa kina mama wa ukili, na hapa nasema kwa moyo wote: hao walipe taslimu, siku ile ile unayochukua mali. Usiwaombe mali kauli hata kidogo. Tajiri anaweza kusubiri; mama aliyenunua rangi, akasuka, akashona, mtaji wake wote umo ndani ya mkoba ule, na Idi ni yake pia. Agiza kidogo unachojua kitatoka: vipochi, vikapu vidogo, vipepeo vya mkono. Omba sampuli uikague. Chukua kitambaa cheupe, kiroweshe, kisugue juu ya ukili mwekundu. Rangi ikishika kitambaa, itashika na kanzu ya Idi. Geuza kipochi ndani nje, uvute mshono kwa kidole gumba. Kisha kinuse. Ukili uliowekwa haujakauka sawasawa hunuka ukungu kabla jicho halijaona kitu, na msimu wa masika ndio mbaya zaidi.

Sabuni ya mwani nayo ni zawadi nzuri, hasa kwenu, maana mwani mwingi wa Zanzibar unalimwa Pemba. Lakini sabuni isiyopikwa huhitaji wiki 4 hadi 6 kukauka, kwa hiyo agiza mapema, na uulize imetengenezwa lini. Iliyo laini bado, yenye kuacha unyevu kwenye karatasi, usiichukue.

Vitu vya kukataa hata ukipewa bure: krimu za kujichubua, na manukato yasiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe. Karafuu kavu za mtaani pia usiguse, hata ziwe zimefungwa vizuri namna gani. Mnunuzi wa karafuu kisheria ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na skuli haina haja ya kesi ya magendo. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, tumia ya khaki.

Upangaji wa bei uanze na mkono wa mtoto. Mwenye shilingi 500 aingie atoke na kitu cha kumpa mama yake, ndipo ufikirie vya 2,000 na 3,000. Faida iwe ndogo: ulichonunua 800 kiuze 1,000, basi. Kuna jambo moja la Wamarekani ningeliiga: mtoto huja na bahasha aliyoandikiwa nyumbani, majina ya anaowanunulia na kiasi cha kila mmoja. Humsaidia wa darasa la pili asimalize zote kwa mdogo wake akamsahau bibi.

Siku ya mwisho mkifunga, hesabuni jioni ile ile, mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Mzigo uliobaki na pesa ya tajiri viondoke asubuhi inayofuata, naye atie saini kwamba amepokea.