Siku mbili ukiwa Melbourne? Nenda Beechworth

Dada, umeuliza una siku mbili uende mji gani mdogo nje ya Melbourne wenye historia, mi nakwambia Beechworth, panda treni mpaka Wangaratta alafu unaunganisha basi, na ulale huko huko usigeuze siku hiyo hiyo. Dhahabu ilipatikana pale 1852 watu wakamiminika toka kila kona, Wachina walikuja kwa maelfu, na hapo ndo pananigusa zaidi. Usikose makaburini: upande wa Wachina kuna minara miwili ya 1857, walikuwa wanachoma humo karatasi za maombi kwa ajili ya marehemu, na pembeni utaona safu za mawe madogo yana maandishi ya Kichina, watu waliofia mbali na kwao. Kaa kidogo pale, usikimbilie picha tu.

Mahakama ya zamani nayo ingia, Ned Kelly yule jambazi wa deraya ya chuma alifikishwa pale Agosti 1880, Novemba wakamnyonga Melbourne. Glenrowan alikokamatwa sio mbali ila bila gari utapata tabu.