Jirani Mwenye Kiwanda: Maswali Yenu Kuhusu Magadi

Wiki iliyopita niliandika mistari michache tu kuhusu kiwanda cha Tata Chemicals Magadi kule Kajiado, na barua zikanifurika. Nimechagua tano.

*Haya magadi ninayotia kwenye maharagwe yaive upesi, ndiyo hayo ya kiwandani? Yana madhara? (Msomaji, Kiserian)*

Asili ni moja, safari ni mbili. Kandokando ya Ziwa Magadi hutoka chemchemi za maji ya moto yaliyojaa chumvichumvi. Jua huyakausha, ukabaki ukoko mweupe, na ukiukanyaga unalia kama ukoko wa wali sufuriani. Kiwanda huchimba ukoko huo, kikausaga, kikauosha, kisha kikauchoma mpaka ukawa unga wa kutengenezea vioo, chupa na sabuni. Lile jiwe la kijivu unalofungiwa sokoni kwenye kipande cha gazeti halijapita tanuri lolote. Lina udongo wake, na mara nyingi lina floraidi. Kaskazini mwa Tanzania watafiti wameyahusisha magadi ya kupikia na meno ya kahawia ya watoto. Mimi huloweka maharagwe usiku kucha, basi.

*Wenyeji wa huko ni Wamaasai. Ilikuwaje kampuni ikapata ardhi yote ile? (Msomaji, Ngong)*

Hapa sina jibu fupi, nivumilie.

Mwaka 1904 Waingereza waliwekeana mkataba na viongozi wa Wamaasai, wakawaondoa kwenye malisho bora ya Bonde la Ufa na kuwagawa, wengine Laikipia, wengine kusini. Wakaambiwa mkataba huo utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, wa Laikipia nao wakahamishiwa kusini. Mwaka huohuo ndipo kampuni ya Magadi Soda ilipoundwa, na kufikia 1915 reli kutoka Konza ilikuwa imefika ziwani. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913. Walijibiwa kwamba mkataba ule ni wa mataifa mawili, kwa hiyo mahakama ya koloni haina uwezo wa kuusikiliza. Yaani walihesabiwa kuwa taifa siku ile tu ilipokuwa njia ya kuwanyima haki.

Eneo la kampuni ni karibu ekari 225,000. Wenye kampuni wamebadilika: Brunner Mond, ICI, na tangu miaka ya 2000 Tata wa India. Ng'ombe hajui hayo. Anajua tu kwamba kiangazi kikikaza, nyasi ziko upande ule. Ndiyo maana hata ugomvi wa kodi ya ardhi kati ya kampuni na kaunti ya Kajiado, uliofika mahakamani, wazee wa huko wanausikiliza kwa sikio moja: ni mabilioni yanayogombewa na watu wawili, na mwenye boma si mmoja wao.

*Mimi naishi karibu na ziwa. Kampuni inatupa maji ya bomba na hospitali. Watu wa Nairobi mnatuchochea tulalamike nini? (Msomaji, Magadi)*

Umenipata hapo, na sikudharau. Kwenye joto lile, palipo na maji ya chumvi pande zote, bomba linaloshuka kutoka Nguruman si jambo dogo. Nimemwona mama amekaa juu ya mtungi wa manjano wa lita ishirini akingoja zamu yake, na hakuonekana mtu wa kuchochewa na gazeti.

Swali langu ni moja tu: maji hayo yameandikwa wapi? Kama ni hisani, meneja mpya anaweza kuyapunguza na usiwe na pa kwenda. Kama yako kwenye makubaliano yenye sahihi ya kampuni, kaunti na jamii, yenye lita, vituo vya maji na nani anatengeneza bomba likipasuka, hapo una la kumwonyesha. Mwaka 2014 kampuni ilifunga mtambo wake wa magadi ya daraja la juu. Mji ambao duka, zahanati na nauli vyote vinategemea geti moja haukuhitaji kuelezwa maana yake. Na wakati unadai hayo, dai pia kile ambacho hakiji kwenye tangi: matokeo ya vipimo vya vumbi na maji taka, yaliyoandikwa kwa lugha ya baraza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, hata zilizo mikononi mwa mtu binafsi, zikihitajika kulinda haki yako.

*Tunasikia jamii ina fungu lake la mrabaha. Ni kiasi gani? (Msomaji, Kajiado mjini)*

Mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa ardhini, Sheria ya Madini ya 2016 inaugawa hivi: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii ya mahali pa mgodi 10. Kuandikwa ni kitu kimoja. Muulize mwakilishi wenu wa wadi akaunti ya hiyo kumi iko wapi na nani anatia sahihi.

*Huku Tanzania waliwahi kutaka kujenga kiwanda kama hicho Ziwa Natron. Kumbe nasi tunataka kazi. Ubaya wake ni nini? (Msomaji, Arusha)*

Ndugu yangu, Natron ndiko heroe wadogo (flamingo) wanakozalia, karibu robo tatu ya wote duniani. Ndege hao hutaga juu ya viota vya matope katikati ya ziwa, wakishtuliwa huacha mayai. Tata, pamoja na Shirika la Maendeleo la Taifa, walikuwa na mpango huo, na baada ya kelele nyingi Tata wakajitoa mwaka 2008. Macho ya serikali yalihamia Engaruka, wilaya ya Monduli.

Kwa hiyo kama wewe ni wa upande wa Engaruka, usingoje sherehe ya jiwe la msingi. Omba taarifa ya athari kwa mazingira sasa, uisome ukurasa wa maji kwanza: kiwanda kitayatoa wapi, na kijiji kitabaki na mangapi mwezi wa tisa. Wenzenu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walikuja kuijua madini ya risasi ikiwa tayari imo kwenye damu ya watoto wao. Mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikawanyang'anya, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa miaka kumi nyuma.