Maswali yenu: Kaa wa mtoni na chumvi ya kuchota majini

Kaa wa mtoni hupata wapi chumvi, na maji yenyewe hayana hata ladha yake?

Chumvi imo, ila ni kiduchu. Sodiamu, mojawapo ya viambato vya chumvi, katika maji ya mto aghalabu haifiki milimoli 1 (kipimo cha wingi wa chembe) kwa lita. Katika damu ya kamba wa maji baridi, ndugu wa kaa, hukaribia 200. Nyingine huja na chakula, nyingine mnyama huichota majini kwa matamvua.

Kwa nini asijizibe tu, chumvi isivuje?

Gamba limeshaziba karibu mwili mzima. Shida ni pumzi. Utando wa kupitishia oksijeni lazima uwe mwembamba, na palipo pembamba maji huingia na chumvi huvuja.

Ioni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, huingiaje huku damu tayari imejaa chumvi?

Kwa pampu, na pampu hula nishati. Upande wa seli unaogusa damu, pampu moja hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kwa kila molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli, hivyo ndani ya seli sodiamu hubaki haba. Upande wa maji, katika spishi nyingi, pampu nyingine hutema ioni za haidrojeni nje. Chaji hasi inayobaki ndani huivuta sodiamu. Kloraidi, kiambato kingine cha chumvi, nayo huingia kwa kubadilishana na bikaboneti.

Sasa hiyo haidrojeni na bikaboneti hutoka wapi? Kwenye kabonidayoksaidi, ile ile taka ya pumzi, ikichanganywa na maji kwa msaada wa kimeng'enya. Mnyama analipia chumvi kwa uchafu wake! Hapo mimi huvua kofia.

Matamvua yote hufanya kazi hiyo?

Si lazima. Kwa kaa wa Kichina, yule mwenye manyoya kwenye magando, ya mbele ni membamba na ni ya kupumulia hasa. Ya nyuma yana seli nene zilizosheheni mitokondria, vinu vya nishati vya seli; hayo ndiyo ya chumvi.

Na mkojo?

Kamba wa maji baridi hurudisha chumvi mwilini kabla ya kukojoa, kwa hiyo mkojo wake ni mwepesi sana. Kaa wa mtoni hana ufundi huo. Mkojo wake una chumvi karibu sawa na damu, basi hukojoa kidogo mno.

Nafuga kamba kwenye tangi la kioo. Dawa ya samaki yenye shaba ina madhara?

Ndiyo, usiitie. Shaba huvuruga uchotaji wa sodiamu kwenye matamvua, na maji yenye kalisi kidogo huzidisha ukali wake.