Kuhusu Mathayo 16:28 na wale wasioonja mauti

Bwana asifiwe, ndugu. Umekwama kwa rafiki anayesema kuwa Yesu alikosea katika Mathayo 16:28, kwa kuwa aliahidi kwamba baadhi ya waliosimama pale hawataonja mauti kabla ya kumwona akija katika ufalme wake, na wote walikufa.

Kwanza msomee mstari unaofuata, yaani 17:1, maana mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baadaye. Mathayo, Marko na Luka wote wanaiunganisha ahadi hiyo na kugeuka sura kwa Yesu mlimani, ambako Petro, Yakobo na Yohana waliuona utukufu wake, na 2 Petro 1:16-18 inalikumbuka tukio hilo hilo inapozungumzia nguvu zake na kuja kwake. Katika mazungumzo yangu na wenye shaka, hapo ndipo wengi hunyamaza na kusoma tena.

Atauliza, na ana haki, kwa nini mauti yatajwe kwa jambo la siku sita tu baadaye. Usilikwepe pingamizi hilo, kwa sababu ni zito. Ndiyo maana Wakristo wengine huona katika ahadi hiyo ufufuo wa Yesu, Pentekoste au kuanguka kwa Yerusalemu mwaka 70. Mimi bado naegemea mlimani. Hukumu ya mstari wa 27, atakapomlipa kila mtu kwa matendo yake, sisi tunaingoja, kwa hiyo usikubali ichanganywe na ahadi hii.